Kutambuliwa na vita: niliyoyaona Mutukula na Katuna

Ndugu uliyeuliza, umeandika kwamba nchi hupigana kwa ajili ya ardhi, madini na masoko, na kwamba habari za heshima na kutambuliwa ni maneno ya wanasiasa wanaoficha tamaa yao. Naomba nikujibu kwa kirefu, kwa sababu nilizaliwa Mutukula, kwenye mpaka wa Uganda na Tanzania, upande wa Uganda, mwaka 1968, na nusu ya maisha yangu nimekuwa wakala wa forodha, miaka mingi kati ya hiyo nikiwa Katuna, kwenye mpaka wa Uganda na Rwanda. Vita vya Kagera, kati ya Uganda na Tanzania, vilinikuta nikiwa na miaka kumi, na mpaka wa Katuna ulipofungwa nilikuwa na ofisi, wafanyakazi watatu na mkopo wa benki. Mara zote mbili mali ilikuwapo katika ugomvi, lakini sikuona kwamba mali ndiyo iliyowazuia wakubwa kupatana.

Idi Amin alipotwaa serikali ya Uganda tarehe 25 Januari 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kumtambua, akampokea Dar es Salaam Milton Obote, rais aliyepinduliwa, na hakukubali kuketi na Amin meza moja. Chombo cha juu cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kilikuwa kikao cha marais watatu. Kikao hicho hakikufanyika tena, na ingawa kulikuwa na magomvi mengine, hasa ya fedha kati ya Kenya na Tanzania, Jumuiya iliyovunjika mwaka 1977 ilikuwa imeishi miaka sita bila wakuu wake kukutana. Simlaumu Mwalimu, kwa maana damu iliyomwagika Uganda miaka ile sisi tunaijua. Nasema tu kwamba tangu hapo Amin alitafuta kutambuliwa kila mahali. Alijipa vyeo na nishani, akawafanya Wazungu wambebe kwenye kiti mbele ya kamera, na mwaka 1975 Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulikutana Kampala, naye akawa mwenyekiti wake. Mwalimu hakwenda. Kwa mtazamo wangu, kukosekana kwa mtu huyo mmoja kulimchoma Amin kuliko alivyofurahishwa na wote waliohudhuria.

Mwezi Oktoba 1978, wakati jeshi lake lilipokuwa likiasiana lenyewe kwa lenyewe, majeshi ya Amin yalivuka mpaka, na tarehe 1 Novemba alitangaza kwamba nchi yote hadi Mto Kagera ni ya Uganda. Eneo hilo ni takriban kilomita za mraba 1,800. Nalifahamu kwa miguu yangu: ni nchi nzuri ya ng'ombe, migomba na miwa, lakini si nchi ambayo mtawala mwenye akili timamu angeiwekea rehani serikali yake. Uasi wa kambini ulihitaji kufichwa, hilo ni kweli. Bado lazima tuulize kwa nini, kati ya jirani zake wote, alimchagua yule aliyekuwa amekataa kumwita rais.

Upande wa Tanzania nao una somo lake, na ndilo linalosahaulika zaidi. Wavamizi walipokwisha kurudishwa nyuma, Tanzania iliutaka Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulaani uvamizi ule kwa jina lake. Umoja ulileta wasuluhishi na kuzihimiza pande zote mbili zipatane, kana kwamba aliyevunjiwa nyumba na aliyeivunja walikuwa wamekosana tu kwa maneno. Vita vilisonga mbele. Mnamo Januari 1979 Mutukula yetu ilisawazishwa na ardhi kulipiza kisasi cha Kagera, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Tuliporudi kutoka tulikokimbilia, babu alikitambua kiwanja chetu kwa mti mmoja wa mfenesi. Siwezi kuthibitisha kwamba laana iliyotamkwa wazi mwezi Desemba ingevikomesha vita pale mtoni. Lakini naamini kwamba anayenyimwa hata kauli ya kuwa amedhulumiwa huona amebakiwa na silaha tu.

Kwa hiyo yapo mambo mawili ambayo ni vibaya kuyachanganya. Kuna kutaka kukubaliwa kwamba upo, kwamba una haki sawa na mwenzako, na kwamba jeraha lako ni jeraha. Na kuna kutaka kuinuliwa juu ya mwenzako. La kwanza lina kikomo, kwa kuwa ukilipata unatulia. La pili halishibi, na Amin alikuwa wa aina hiyo. Tatizo ni kwamba kwa mbali yanafanana, na la kwanza likikataliwa kwa muda mrefu huweza kugeuka kuwa la pili. Japani ni mfano. Mwaka 1919, kwenye mkutano wa amani wa Paris baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wajumbe wake waliomba usawa wa mataifa uandikwe katika mkataba wa Shirikisho la Mataifa, lile lililotangulia Umoja wa Mataifa. Kura 11 kati ya 17 ziliunga mkono, lakini Rais Woodrow Wilson, aliyekuwa mwenyekiti, alisema jambo hilo linahitaji kauli moja. Miaka mitano baadaye Marekani iliwafungia mlango wahamiaji wa Kijapani. Maovu ambayo Japani ilikwenda kuyatenda China hayana udhuru wowote, ila wanajeshi waliowaongoza watu wao huko hawakulazimika kubuni tusi la kuwaamshia hasira.

Sasa Katuna. Watoto wa wakimbizi wa Kinyarwanda waliokuja Uganda kuanzia mwaka 1959 walikua pamoja nasi, wakasoma nasi, na mwaka 1982 wengi walifukuzwa katika maboma yao huko Ankole wakiitwa wageni. Fred Rwigyema na Paul Kagame walikuwa miongoni mwa vijana walioshambulia kambi ya jeshi ya Kabamba pamoja na Yoweri Museveni tarehe 6 Februari 1981. Walipigana hadi serikali ikapatikana, na hata baada ya hapo neno "wageni" halikuwaacha, huku serikali ya Rwanda ikiwaambia kwamba nchi imejaa. Tarehe 1 Oktoba 1990 watoto hao wa wakimbizi walivuka mpaka wa Rwanda pale Kagitumba wakiwa na silaha. Nionyeshe mgodi uliosababisha vita hivyo. Walikuwa watu ambao nchi mbili zilikataa kuwahesabu kuwa wake.

Baadaye, vijana hao walipokwisha kushika serikali ya Rwanda mwaka 1994, jeraha lilibadilika sura. Wazee wengi wa kwetu waliendelea kusema "wale vijana wetu," nao waliona ni neno la upendo. Madereva wa Kinyarwanda waliokuwa wakiketi ofisini kwangu walilisikia vingine: waliona ni mtu mzima anayekataa kukiri kwamba mdogo wake amejenga nyumba yake. Majeshi ya Uganda na Rwanda yalipopigana yenyewe kwa yenyewe huko Kisangani, Kongo, mwaka 1999 na tena Juni 2000, wakaua mamia ya raia wa Kongo wasiohusika, almasi zilikuwapo, sikatai. Almasi, hata hivyo, hugawanywa. Kilichoshindikana kugawanywa ni nani mkubwa.

Mwishoni mwa Februari 2019 Rwanda ilifunga upande wake wa mpaka. Tuliambiwa kwanza ni ujenzi wa kituo, kisha yakaja ya moyoni: Rwanda ililalamika kwamba raia wake wanakamatwa na kuteswa Uganda na kwamba maadui zake wanahifadhiwa, Uganda ililalamika juu ya majasusi. Hesabu za biashara zilikuwa wazi kwa pande zote. Malori yalizungushwa, viazi vya kina mama wa Kabale vilioza, waliojaribu njia za panya walihatarisha maisha, na mimi niliwaachisha kazi wafanyakazi wangu wote watatu. Kama mali ndiyo inayotawala, mpaka ule ungefunguliwa katika wiki mbili. Ulifungwa karibu miaka mitatu.

Tarehe 21 Februari 2020 marais wanne, wa Uganda, Rwanda, Angola na Kongo, walikutana papo hapo mpakani. Tulisimama mbali tukitazama misafara, tukiwa na hakika kwamba jioni tutafungua ofisi. Hatukufungua. Mlango ulifunguka tarehe 31 Januari 2022, siku chache baada ya Muhoozi Kainerugaba, mtoto wa rais wetu, kwenda Kigali, akiwa amekwisha kumtaja Kagame, rais wa Rwanda, hadharani kuwa mjomba wake na kusema kwamba wanaopigana naye wanapigana na familia yake. Najua yalikuwapo mazungumzo mengine ambayo sisi wa chini hatuyaoni. Lakini kijana aliyetumwa na baba yake, akaenda nyumbani kwa mwingine na kumpa cheo cha mzazi, alifanya jambo ambalo kikao kile cha mpakani hakikulifanya.

Nimalize na la nyumbani, maana ndilo lililonifundisha kuyaona hayo yote. Shangazi yangu aliolewa Minziro, upande wa Tanzania. Oktoba 1978 ng'ombe wa watu wa kwao walipitishwa mbele ya boma letu na askari, na sisi tuliwaona. Baada ya vita alikuwa akija kwenye misiba na harusi, anaketi, anazungumza, lakini hali chakula chetu. Babu alimtumia ndama wawili, akawarudisha. Bibi alipofariki mwaka 1987, siku ya kuanua matanga, babu alisimama mbele ya ukoo mzima na majirani akasema: "Ng'ombe wa Minziro walipita hapa. Tulijua ni wa nani. Nyama yao baadhi yetu tuliinunua kwa bei rahisi, na mimi ni mmojawapo." Hakuongeza neno. Shangazi hakudai kitu. Alikaa kimya kwa muda, kisha akamwita mtoto amletee maji ya kunawa.