HD DVD kwa bei ya kutupa, ninunue?

Ndugu, umeuliza kama hizo diski za HD DVD (aina ya diski za filamu iliyoshindana na Blu-ray ikashindwa) ulizozikuta kwa bei ya kutupa zitacheza kwenye deki yako ya Blu-ray. Hazitacheza. Zote zinasomwa kwa leza ya buluu, ila data ya HD DVD imelala milimita 0.6 ndani ya plastiki, sawa na DVD ya kawaida. Ya Blu-ray iko milimita 0.1 tu. Toshiba, waliokuwa wakiongoza kambi ya HD DVD, walinyoosha mikono Februari 2008, mwezi mmoja na kitu tu baada ya kampuni ya filamu ya Warner kutangaza kuhamia Blu-ray, kwa hiyo deki mpya ya HD DVD usihangaike kutafuta.

Ila kabla hujaziacha, geuza diski. Ikiwa inang'aa pande zote mbili, huenda ni ya mseto: upande huu HD DVD, ule DVD. Upande wa DVD utacheza, mradi deki ikubali eneo lake, yaani namba ya sehemu ya dunia ambayo diski imefungiwa. Za Marekani ni eneo 1, sisi Tanzania tuko eneo 5, na hapo ndipo wengi hukwama.

Za Warner mimi nisingegusa bila kujaribu kwanza. Nyingi zimeoza zenyewe ndani ya kasha. Kwa macho safi kabisa, ukiweka inagoma katikati ya filamu.