Vipimo safi, lakini maumivu yapo

Pole sana, dada. Umeuliza umjibu nini mumeo anayesema vipimo vimetoka safi, kwa hiyo haya maumivu yako ya muda mrefu unajisingizia. Mwambie eksirei na kipimo cha damu havipimi maumivu. Vinatafuta mfupa uliovunjika, uvimbe, maambukizi. Mfumo wa fahamu, yaani ubongo na neva, ukishakuwa mwepesi wa kuhisi kupita kiasi, mtu anaumia kweli bila jeraha kuonekana, hata shuka ikigusa bega ni mateso. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, limeyatambua maumivu haya kuwa ugonjwa wenyewe yakidumu au kurudirudi zaidi ya miezi 3.

Kinachowachanganya watu ni zile siku za nafuu. Unaamka mwepesi, unafua, unadeki, unapika, kesho yake huinuki kitandani. Halafu unaambiwa, "Si jana tu ulikuwa unafua?" Mimi nimeyasikia hayo mpaka nimechoka kujieleza. Siku ya nafuu fanya nusu ya unachotamani, kisha pumzika kabla maumivu hayajaanza.

Kwa daktari usiseme tu "naumwa mwili mzima". Taja kilichokushinda: kufunga vifungo vya blauzi, kulalia ubavu wa kushoto. Mumeo naye aende, ayasikie huko huko.

Ila ukianza kupungua uzito bila sababu, homa isiyoisha, miguu kukosa nguvu au kushindwa kuzuia mkojo, rudi hospitali haraka, vipimo vya zamani visikuzuie.