Shabu kwanza, rangi baadae

Wasukaji wenzangu na nyie mnaotia rangi amerikani kwa mimea, kuna hatua moja watu wengi wanairuka alafu wanabaki kulalamika rangi imechuja. Mimi niliiruka mwaka mzima. Nilichemsha manjano, nikatumbukiza katani, ikatoka njano ya kung'aa mpaka majirani wakaja kuangalia, nikasuka vikapu sita na vyote vikaisha. Baada ya wiki chache mteja akanirudishia cha kwake, upande uliokuwa unaangalia dirishani umepauka kabisa na upande wa pili bado njano. Niliumia sana kwa sababu yule mama alikuwa ameniamini, nikamrudishia hela yake.

Na nilikuwa nimeweka chumvi na siki! Kila mtu alikuwa ananiambia weka chumvi na siki rangi ishike. Jamani, huo ushauri ni wa rangi za dukani, chumvi inasaidia baadhi ya rangi za kiwandani kwenye pamba na siki inasaidia zile za sufu, ila kwa maganda ya vitunguu na majani yetu haishikishi kitu. Kinachoshika ni madini, na madini rahisi kupata ni shabu, hii hii wanayosafishia maji ya kisima na vinyozi wanapaka baada ya kunyoa. Aluminiamu iliyoko kwenye shabu inashikana na uzi upande mmoja na upande mwingine inashikana na rangi, yaani inakuwa kama fundo katikati. Bila hilo fundo rangi nyingi zinakaa juu juu tu, ukifua zinaondoka na maji.

Sasa kipimo. Usikadirie kwa macho, nunua mizani ndogo ya jikoni, pima uzi ukiwa mkavu, kwa kilo 1 weka shabu gramu 150. Iyeyushe kwanza kwenye maji ya moto, tumbukiza uzi ulioloweshwa tayari, pasha moto saa 1 alafu uache humo humo mpaka asubuhi.

Hapa ndo penye siri iliyonichelewesha. Sufu na hariri zinaipokea shabu vizuri zenyewe, lakini pamba na katani ni mimea, haziipendi sana, zinataka tanini kwanza, ile kitu inayokaza ulimi ukinywa chai ya rangi kali. Mimi natumia maganda ya komamanga yaliyokaushwa, kama nusu ya uzito wa uzi, nayachemsha, nachuja, nalaza uzi humo usiku kucha ndo kesho yake naenda kwenye shabu. Walioko Njombe mna magome ya muwati mlangoni, hayo yamejaa tanini. Na kabla ya yote hayo pamba ichemshwe na sabuni na soda ya kufulia saa 1 au 2, utashangaa maji yanavyotoka ya kahawia kwenye kitambaa ulichodhani ni kisafi, na ule uchafu ndo unaoleta mabaka.

Tukija kwenye kubadilisha rangi, hapa mimi napapenda kuliko sehemu zote kwa sababu sufuria moja ya maganda ya vitunguu inakupa rangi tatu nne. Uzi wenye shabu unatoka wa dhahabu. Toa kidogo ukichovye kwenye maji yenye magadi kiasi cha ncha ya kijiko, unaelekea kwenye chungwa. Kingine kichovye kwenye maji ya chuma, kinakuwa kijani cha zeituni hapo hapo mbele ya macho yako. Kokwa za parachichi zinatoa waridi, na zenyewe zina tanini yake, ukizipitisha kwenye chuma unapata kijivu chenye zambarau kwa mbali. Ndimu mara nyingi inapausha au kung'arisha, ijaribu kwenye kipande kwanza.

Maji ya chuma unatengeneza mwenyewe: misumari yenye kutu, siki sehemu 1, maji sehemu 2, kaa nayo wiki 1 au 2. Kifuniko usikikaze, inatoa gesi. Ila chuma kina hasira. Niliwahi kuchemsha katani nusu saa nzima kwenye hayo maji nikitafuta nyeusi, nikaipata nzuri kweli, baada ya miezi kadhaa mikanda ya kikapu ikaanza kukatika yenyewe. Chuma kikizidi kinakula uzi. Siku hizi nachovya dakika chache tu, nasuuza sana, na ndoo ya chuma haikai karibu na ya shabu maana tone moja tu linafifisha njano yako yote.

Sufuria ya rangi isirudi jikoni, hata kama ni shabu tu.

Na choya na bitiruti, najua zinavutia zikiwa kwenye sufuria, nyekundu mpaka unatamani kuzinywa, lakini kwenye uzi hazikai hata ukiweka shabu. Usimuuzie mtu. Kabla sijauza rangi yoyote mpya nafunga nyuzi kwenye kipande cha boksi, nusu nafunika nusu naacha wazi, naweka dirishani wiki 2. Ya manjano niliyotia shabu safari hii nayo ilipauka, kwa hiyo njano yangu ya kuuza sasa hivi inatoka kwenye vitunguu.