Usichukue topapu ya gari kabla deni la zamani halijaisha

Mkuu, usisaini hiyo fomu. Umesema mkopo wako wa benki umebakiza miezi 18, bodi ya mikopo ya elimu ya juu nayo inakukata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, halafu afisa wa benki amekwambia atakufanyia topapu, yaani mkopo mpya mkubwa unaofuta ule wa zamani na kukuachia chenji mkononi, upate hela ya gari aina ya IST. Niliposoma hapo mwili ulinisisimka. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, tena kwa upole huo huo.

Sikiliza. Nilikuwa nimebakiza miezi 20 kwenye mkopo wa mshahara, nakatwa 352,000 kwa mwezi, salio kama milioni 6. Yule afisa akachukua karatasi akanipigia hesabu: nikope milioni 20 kwa miaka 6, riba asilimia 18, benki ifute deni la zamani, mimi nitoke na milioni 14. Makato yangepanda hadi 456,000. "Kaka, ni nyongeza ya laki moja na chenji tu, na gari unalo." Nani aliyechoka kusimama kituoni anakataa gari la laki moja kwa mwezi?

Hakuniambia kwamba deni lililobakiza miezi 20 anaenda kuliongezea umri hadi miezi 72. Ningevumilia ile miezi 20, mshahara ungerudi mzima. Badala yake nikajifunga miezi mingine 52 ya kukatwa 456,000. Weka juu yake ile laki na chenji ya miezi 20 ya mwanzo, unapata karibu milioni 25.8. Hiyo ndiyo bei ya milioni 14, ambayo hata sikuipata yote: ada ya mkopo na bima vilikatwa juu kwa juu, mkononi ikafika 13.4.

Kinachoniuma mpaka leo ni lile neno lake, "theluthi yako bado ipo." Theluthi ni mpaka wa sheria, kwamba theluthi moja ya mshahara lazima ibaki, usikatwe wote ukaisha. Haisemi kama watoto watakula. Afisa hajui kuna ada ya Januari, hajui mama yako kijijini anaumwa. Yeye ana lengo lake la mwezi la kufikisha. Na wale mashemeji waliokuwa wakiniuliza nitapanda mabasi ya mwendokasi mpaka lini, hakuna hata mmoja aliyewahi kunichangia lita moja ya petroli.

Gari nililipenda, sikatai. Lakini Kimara hadi Posta hapa Dar kila siku kwenye foleni, maegesho, bima, matairi, vyote vilitoka kwenye mshahara ule ule uliokwisha kukatwa. Mwezi wa nane wa mkopo gia boksi ikaanza kugonga, nikakimbilia kukopa kwenye kikoba, kile kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Sasa nina madeni mawili, na hilo la pili nimelikopa ili la kwanza liendelee kutembea barabarani!

Mwezi wa 18 nikasalimu amri. Nilishakatwa jumla ya milioni 8.2, nikaenda benki kuulizia salio nikitegemea kusikia 12 hivi. Nikaambiwa milioni 16.8. Nilidhani wamekosea, nikaomba wachapishe upya. Dada wa dirishani akanionyesha kwa kalamu, mstari kwa mstari: miezi ya mwanzo sehemu kubwa ya makato inakwenda kwenye riba, deni lenyewe linapungua kidogo kidogo. Gari nililiuza milioni 8, nikapeleka zote benki. Jioni hiyo nilirudi nyumbani kwa mwendokasi, bado nadaiwa milioni 8.8.

Kwa hiyo mkuu, lipa mpaka makato ya benki yatoke kabisa kwenye hati yako ya mshahara. Miezi 18 si mingi. Yakishatoka, kiasi kile kile kiweke akiba kila mwezi kana kwamba bado unakatwa, ndipo uzungumze habari ya gari. Najua uliuliza pia mambo ya gari la Vitz na kuagiza Japani, hayo waliotangulia kukujibu hapa wanayajua kuliko mimi.

Kesho nenda benki, usiulize utakatwa kiasi gani kwa mwezi. Omba wakuchapishie ratiba nzima ya marejesho ya huo mkopo mpya, mwezi wa kwanza hadi wa mwisho, pamoja na salio la sasa la huu wa zamani. Futa jina lako na namba ya akaunti, ziweke hapa, tuzisome pamoja kabla hujashika kalamu.