Re: Je, Richard Matheson aliandika filamu mwenyewe?

Ndugu, umeuliza kama Matheson, mwandishi Mmarekani wa bunilizi ya kisayansi, aliuza vitabu tu, filamu wakaandika wengine. Hapana, skripti nyingi aliandika mwenyewe. Alipouza riwaya yake ya mtu anayezidi kusinyaa, alisisitiza aiandikie skripti yeye, na filamu ikatoka 1957. Kwenye televisheni aliandika vipindi vingi vya The Twilight Zone, mfululizo wa hadithi za ajabu.

Ila anza na Duel, filamu ya 1971 aliyoiandika pia, iliyoongozwa na Steven Spielberg akiwa kijana, ingawa si bunilizi ya kisayansi. Lori kuukuu linamwandama mwenye gari dogo. Uso wa dereva wa lori hatuuoni sawasawa. Tunaona buti zake, na mkono unaompungia mwenzake apite, kumbe mbele kuna gari linakuja! Kwangu, hapo ndipo Matheson alipofika kileleni.