Kukiri Imani ya Nikea si kuidharau Biblia

Ndugu, unauliza kwa nini tukiri Kanuni ya Imani ya Nikea, muhtasari wa imani yetu, kila Jumapili ilhali Biblia tunayo, tena unasema wengi huitamka kama kasuku. Ario, padri wa Aleksandria wa karne ya nne, naye alikuwa nayo Biblia, na aliinukuu vizuri tu, akafundisha kwamba Mwana, yaani Yesu, aliumbwa! Ndiyo maana maaskofu waliokutana katika mji wa Nikea mwaka 325 wakaweka maneno yasiyopindika: “aliyezaliwa bila kuumbwa.” Kanuni haishindani na Maandiko, inalinda namna ya kuyasoma. Hata Paulo, katika 1 Wakorintho 15:3-4, anakabidhi muhtasari ambao naye aliupokea.

Kuhusu kuitamka kama kasuku, hapo nakuunga mkono (wengine huimaliza bado wanapiga miayo). Wiki hii chukua kifungu kimoja tu, “ufufuko wa wafu,” ukisome sambamba na sura hiyohiyo ya 15. Ukikwama, muulize mchungaji wako.