Kabla Hujachora, Shuka Mwaloni

Wiki tatu zilizopita binti wa jirani yangu hapa Nyegezi, Mwanza, aliyemaliza kidato cha sita, alinijia na swali ninaloulizwa mara nyingi: "Shangazi, hivi kazi yako ni kazi gani hasa?" Anapenda kuchora, anapenda fizikia, na nyumbani wanamwambia achague moja. Nikamwambia akae. Nikaleta dumu la njano la lita 20, lile lile tunalotekea maji, nikaliweka mbele yake. Nani aliamua kishikio kikae pale juu? Nani aliamua mdomo uelekee upande ule? Akafikiri kidogo, akasema, "Kiwanda."

Kiwanda hakiamui kitu. Kuna mtu alikaa akaamua, kisha kiwanda kikafuata. Kazi ya mtu huyo ndiyo kazi yangu. Wengine wanaiita ubunifu wa viwandani. Mimi husema usanifu wa bidhaa, kwa kuwa msanifu majengo watu wanamjua tayari, na anayesanifu dumu, kiti, taa au pasi anafanya kazi ya ukoo huohuo, ila chake kinatoka mashineni kwa maelfu.

Tubaki na dumu kidogo, maana lina mengi. Babu wa madumu yetu ni lile la chuma lililosanifiwa Ujerumani mwaka 1937 kwa ajili ya jeshi. Juu lina vishikio vitatu vilivyolala sambamba. Likijaa, mtu mmoja hushika cha katikati, au wawili wakasaidiana, kila mmoja na cha upande wake. Yakiwa matupu, unayaweka mawili ubavu kwa ubavu na mkono mmoja unayabeba yote. Mibonyeo ya ubavuni inalipa bati nguvu na kuliachia nafasi ya kutanuka jua likiwaka. Kwenye nundu ya juu hubaki hewa, hivyo hata likijaa petroli linaelea. Waingereza waliokuwa wakipigana jangwani Afrika Kaskazini walikuwa na makopo ya bati jembamba yaliyovuja ovyo. Walipoyateka madumu ya Wajerumani wakaamua kuyaiga. Hata neno jerikeni limetokana na "Jerry", jina la utani ambalo Waingereza waliwapa Wajerumani. Kila kitu nilichotaja hapo kilifikiriwa kabla bati halijakatwa.

Sasa mfuate mama anayepandisha dumu la plastiki kwenye ngazi za mawe za Igogo au Mabatini. Maji ya lita 20 ni kilo 20. Atakapolitua, muombe akuonyeshe kiganja. Utaona mstari mwekundu umekatiza vidole vinne. Mstari huo umetokana na mshono wa plastiki uliopita katikati ya kishikio, pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana kiwandani. Ndiyo maana wengi huzungushia kitambaa cha kanga. Dumu hilo lilisanifiwa kwa ajili ya kusafirisha mafuta ya kula, labda kwa kubebwa mara mbili tatu tu maishani mwake, na kwa kazi hiyo ni zuri sana. Kwetu linabebwa kila siku kwa miaka. Ningepewa nafasi ya kulisanifu kwa ajili ya mlima wa Igogo, ningeanza na mshono ule.

Zamani jambo hili halikuhitaji mtu wa pekee. Fundi aliyefua sufuria alisanifu na kuunda kwa mkono uleule; mteja akilalamika leo, sufuria ya kesho inabadilika. Mashine ilipokuja ikitoa elfu moja zinazofanana, maamuzi yote yakalazimika kufanywa kabla ya ile ya kwanza kutoka. Mwaka 1907 kampuni ya umeme ya AEG huko Ujerumani ilimchukua msanii na msanifu majengo Peter Behrens awe mshauri wake wa sanaa. Mwaka 1909 zikatoka birika zake za umeme: maumbo machache, vishikio vichache na madini machache, vikapangwa na kupanguliwa mpaka mteja akapata aina nyingi za kuchagua bila kiwanda kutengeneza vipuri vipya kwa kila birika. Wengi huhesabu kazi ya Behrens pale AEG kuwa mwanzo wa fani hii kama tunavyoijua.

Watu hutuchanganya na wahandisi. Kwa taa, kwa mfano, mhandisi anahakikisha betri inahimili usiku kucha na saketi haiungui. Mimi nauliza taa inashikwaje, inawekwa wapi ikiwa haitumiki, mtu anajuaje chaji inaisha, na ikiharibika nani ataifungua. Halafu nakaa na mhandisi na watu wa kiwanda tukavutana mpaka majibu yetu yakae kwenye boksi moja na kwa bei ambayo mnunuzi anayo. Sehemu kubwa ya kazi ni huko kuvutana, wala si kuchora.

Nimetaja taa kwa sababu taa ndiyo iliyonifundisha.

Nilikuwa nimeajiriwa na kampuni moja kusanifu taa ya sola kwa ajili ya wavuvi wa dagaa. Ambaye hajawahi kukaa ufukweni usiku wa giza aelewe hivi: dagaa wa ziwa letu, Victoria, huvuliwa kwa mwanga. Mwezi ukiwa mkali wavuvi wanapumzika. Ukipotea, taa zinashushwa juu ya vielea, dagaa wanakusanyika, nyavu zinazungushwa. Kwa miaka mingi taa hizo zilikuwa karabai, zinakula mafuta ya taa na vitambaa vyake vinapasuka kwa mtikisiko. Kwa hiyo taa ya umeme wa betri ilikuwa jambo la maana kweli, na mimi nilijua nina maana katika jambo hilo.

Nilikaa ofisini miezi miwili na kompyuta. Nikatoa taa ya duara, laini, rangi ya kijivu, swichi yake ndogo imezama ndani ya mwili wa taa ili isiingize maji. Wakubwa wakaipenda. Moldi, yaani kalibu ya chuma inayoipa plastiki umbo, ikaagizwa. Ndipo nikapelekwa mwalo wa Igombe, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi, na taa kumi na mbili za majaribio.

Mzee mmoja alinipokea taa kwa mikono yote miwili, kwa heshima, kama mtu anayepokea mtoto. Kidole gumba chake kilikuwa kipana, ngozi imepasuka kwa kamba, na magamba ya dagaa yamenata mpaka kwenye kucha. Akabonyeza swichi. Gumba likateleza. Akalifuta kwenye suruali iliyolowa, akabonyeza tena, likateleza tena, maana swichi ilikuwa nyembamba kuliko kidole chake. Mara ya tatu akaigeuza taa na kubonyeza kwa kifundo cha kidole cha shahada, ikawaka. Hakusema neno. Aliiweka sakafuni mwa mtumbwi achukue nyingine, ile ya kwanza ikaviringika mpaka kwenye maji yaliyokuwa yakisubiri kukumbwa.

Alfajiri waliporudi aliniamkia, "Mwangaluka, binti," salamu ya asubuhi ya Kisukuma, akanikabidhi taa kumi na moja. Moja ilidondoka ziwani, ikaelea kama nilivyotaka ielee, lakini kijivu juu ya maji ya kijivu kabla ya jua kuchomoza nani ataiona? Mchana wake, kijana anayetengeneza simu na redio pale mwaloni alijaribu kufungua nyingine iliyokuwa inapepesa, akakuta skrubu zina kichwa cha nyota ya pembe sita. Yeye ana bisibisi mbili, bapa na ya msalaba, na mafundi wote wa mialo ninayoijua wana hizo hizo mbili.

Niliporudi Mwanza mjini nikaomba mabadiliko manne. Hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo natamani mtu angeniambia mapema, kwa hiyo naliandika kwa kirefu. Moldi ni chuma kilichochongwa kinyume cha bidhaa. Mahali penye plastiki, chuma kimetolewa. Mahali penye tundu, chuma kimeachwa. Kwa hiyo ukitaka kuongeza plastiki mahali, unakwangua chuma kidogo zaidi, kazi ya siku moja mbili. Ukitaka kupanua tundu, inabidi uongeze chuma palipokwisha kuchongwa, na hiyo ni kazi ngumu na ghali. Miguu minne ya kuzuia taa isiviringike ilipatikana kirahisi. Rangi ya chungwa ilikuwa rahisi zaidi, ni kubadilisha tu punje za rangi zinazochanganywa na plastiki. Skrubu za msalaba zilikuwa bei sawa na zile za nyota. Lakini tundu la swichi, ambalo ndilo lililomtesa mzee, kampuni ilikataa kulilipia. Taa mia kadhaa za mwanzo tuliyatoboa upya matundu yake kwa mkono, mimi na vijana wawili, ili iingie swichi ya kuzungusha yenye upana wa kifuniko cha soda. Niliumia kwa hilo, na bado naumia, kwa sababu usiku mmoja tu mtumbwini kabla ya kuagiza moldi ungetosha.

Tangu hapo nikishaanza kuchora bidhaa ya moldi, sehemu ambayo sina uhakika nayo naiacha upande wa usalama: tundu linaanza dogo kule mashineni ikiwa naweza kulipanua kwa drili kwenye plastiki yenyewe, na ukuta unaanza mwembamba kwa sababu kuuongezea unene ni kukwangua tu. Na kuta zote nazilegeza nyuzi moja au mbili zifunguke kuelekea nje. Binti wa jirani aliuliza kwa nini. Nikamuuliza ugali unatokaje kwenye bakuli ukiupindua juu ya sahani. Bakuli limetanuka kuelekea juu, ndiyo maana unatoka mzima. Lingekuwa na kuta zilizosimama wima lingeubana, na plastiki ndani ya moldi ni vivyo hivyo.

Sasa kwa wewe unayetaka kuingia kwenye kazi hii. Usisubiri kompyuta nzuri. Boksi la katoni, kisu, gundi na mkanda vinatosha kutengeneza umbo la ukubwa halisi, na umbo la katoni mkononi mwa mtu litakufundisha kuliko picha inayong'aa kwenye skrini. Ukiwa tayari kwa programu, FreeCAD na Blender hazidai hata senti. Jifunze kuchora kwa mkono hata kama mchoro wako si mzuri. Mchoro wa kazi hii unatakiwa ueleweke na fundi akiwa amesimama, mikono ina grisi.

Kaa na mafundi. Mimi nilikaa miezi sita Nyakato kwenye karakana ya bati na kuchomelea kabla sijajiona nastahili kumchorea mtu kitu. Bati jeusi linakuja futi nane kwa nne. Ukichora boksi ambalo vipande vyake haviingii vizuri kwenye hiyo nane kwa nne, umemtupia fundi hasara ya vipande asivyoweza kuviuza. Kupunguza sentimita mbili kwenye urefu kunaweza kukupa boksi moja zaidi kwa kila bati. Fundi anajua hilo bila kuandika, na ukimuuliza kwa adabu atakuambia. Tena kwa mji wetu, bati linalokunjwa na kuchomelewa mara nyingi ni jibu bora kuliko plastiki, maana hata moldi ndogo hugharimu zaidi ya bei ya bodaboda kadhaa, na gharama hiyo inarudi tu ukiuza maelfu.

Kuhusu shule: ng'ambo ya ziwa, Makerere wana shule yenye jina la Margaret Trowell inayofundisha sanaa za viwandani, na Chuo Kikuu cha Nairobi kina shahada ya usanifu (Design). Uhandisi mitambo ni mlango mwingine mzuri, mradi usiache kuchora. Nimewaona waliopitia VETA wakafika mbali kuliko wenye shahada. Wazazi, nawaomba kwa dhati, msimlazimishe mtoto kuchagua kati ya kuchora na fizikia. Kazi hii inavitaka vyote viwili kwa mtu mmoja.

Na kama utaajiriwa, kubaliana mapema kwa maandishi kwamba kutakuwa na majaribio kwa watumiaji kabla ya moldi kuagizwa. Usione aibu kulidai.

Binti wa jirani nilimpa kazi moja tu: aende Mwaloni Kirumba na daftari, akae na kina mama wanaochambua dagaa, aandike anachokiona. Jumamosi iliyopita alirudi. Ukurasa wa kwanza amechora mikono, kurasa nne mfululizo ni mikono tu. Wa tano amepima kwa futi kamba umbali kutoka stuli mpaka kwenye ungo, kwa wanawake saba, na pembeni ameandika nani kati yao alilalamika mgongo. Hajachora bidhaa yoyote bado. Nimemwambia arudi tena wiki ijayo, mapema zaidi, mzigo unapoingia.